Kengele za Ng'ombe na Ugali Ulioungua

Mjukuu wangu Wegesa,

Huku Butiama hatujambo, mihogo imekauka vizuri na shangazi yako karudi salama kutoka Musoma. Uliniuliza kwenye simu kwa nini Krismasi nilikufokea vile kwa ugali kuungua tu. Sasa nakujibu.

Nilikuwaga darasa la sita. Siku hiyo nasonga ugali wa muhogo, nikasikia kengele za ng'ombe zinaingia uani. Nikatoka kuchungulia. Walikuwa ng'ombe wa mahari yangu, kutoka Nyamuswa, na wanaume wa kwetu wanawashika nundu huku wanacheka. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nyuma yangu ugali ukaungua. Baba mdogo akanigeukia: "Wewe mtoto, unatutia aibu mbele ya wageni!"

Aibu! Mimi! Shule ikaishia hapo, na mpaka leo nina hasira naye, japo tulishamzika.

Harufu ile ikinifikia namwona yeye, sio wewe. Njoo upike, usiogope. Jana ng'ombe wa jirani walipita na kengele zao, nikakimbilia jikoni kuepua sufuria. Moto hata sikuwa nimewasha.

Bibi yako