Jina Nililolitoa kwa Ajili ya Anselmo

Baraniw,
Ilocos Norte.
14 Machi 1984

Mpendwa mdogo wangu Felisa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mara hii nikikuuliza hali siulizi kwa desturi tu. U mzima kweli? Homa haijakugusa? Telegramu yako iliyojibu yangu ilifika jana ikisema hujambo, nikaketi kwenye ngazi nikalia kwa furaha. Sisi hatujambo. Vitunguu saumu tumeshavuna, na goti langu linanisumbua kama kawaida.

Mwanao, Anselmo wetu, ameruhusiwa kucheza. Jumapili alifunga pointi thelathini na moja kule Manila, sisi tumejazana mbele ya runinga ya jirani Crisanta. Crisanta huyo huyo aliyekuwa akimwita Mfilipino wa makaratasi alishangilia kutushinda sote. Nitamsamehe, ila si wiki hii.

Unajua alivyohangaika. Wa kwanza wa damu yetu kucheza mpira wa kikapu wa kulipwa huko Marekani, na kwa misimu minne wakamkalisha benchi, eti mfupi. Amekuja kwao, ambako anagonga kichwa kila mlango, anaambiwa si wa hapa. Magazeti yaliandika kwamba mama yake ni wa kubuni. Ligi ikampa siku kumi alete cheti chako cha kuzaliwa, la sivyo arudi alikotoka.

Nilikwenda naye ofisi ya kuandikisha vizazi. Karani alipekua vitabu vya mwaka wako mara mbili.

“Bibi, huyu Felisa hayumo. Kwa vitabu vyetu, hajazaliwa.”

“Hajazaliwa? Nimembeba mgongoni miaka mitatu.”

Anselmo alikuwa akikunjakunja kofia yake, mtu mzima vile, machozi yakimlengalenga. Mimi nilijua kwa nini jina lako halimo.

Mdogo wangu, hukuambiwa. Ulipokuwa na miezi minane homa ilikuzidi hata baba akaanza kuranda mbao za jeneza. Ndipo nyanya, kwa desturi ya kwetu, alipokufunika kwa sahani ya mbao, akakubatiza upya kwa jina la Felisa, ili ugonjwa ukija kukutafuta usikupate. Ukapona. Mama aliniapisha nisilitamke jina la kwanza maisha yangu yote, maana likisikika, ugonjwa utajua ulipo.

Nilikaa pale nikiwapima, wewe na mwanao. Sikuombei upimaji wa namna ile. Mwishowe nikamnong'oneza karani jina lile la kwanza. Ni wa kwetu yule, anaujua mwiko: aliinuka kwanza akafunga dirisha. Kisha akatafuta ukurasa, akaweka kidole, wala hakusoma kwa sauti. Nikaapa kwa maandishi kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Tangu siku ile mpaka jana, siku nane, sikuweza kula. Kila pikipiki iliyosimama nje nilidhani imeleta msiba. Sasa nimeshusha pumzi.

Msalimie shemeji Walter na binti yako Imelda. Kaka Crescencio anakusalimu sana. Mungu akufunike kwa mkono wake.

Jina lenyewe siliandiki, barua hupita mikono mingi. Anselmo ameliona kwenye cheti, na nimemkataza kukutajia. Ukilitaka, njoo mwenyewe nikwambie sikioni. Miaka ishirini na sita sijakuona, na hatimaye nina kitu cha kukuleta.

Dada yako akupendaye siku zote,
Consorcia