Wapagazi wa Kilimani

Kigwa, Jumanne

Nimelificha jambo hili tangu mwaka juzi: yale makaburi saba ya wapagazi wa misafara niliyoionyesha kamati ya umeme wa upepo hayana mtu. Mawe niliyapanga mwenyewe, magoti yakiwa bado yananitii.

Walikuja na jedwali. Kila kilima kilipewa alama za upepo, umbali wa nyumba, njia ya nguzo na makaburi. Kila kigezo kilikuwa na uzito wake, na uzito wa makaburi wakaniachia mimi, mwalimu mstaafu wa jiografia. Niliupandisha hadi kilima chetu, chenye upepo kuliko vyote, kikashika mkia.

"Babu, bila wewe tungewakosea wazee," akasema binti mmoja injinia wa kamati. Sikupepesa hata jicho.

Leo Maganga, mwanangu, amekaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Baba, ukoo umekubaliana. Tutakulaza kilimani, na wapagazi wako."

"Mama yako tulimzika makaburini Cheyo."

"Mama ataelewa. Wewe ndiye uliyewatetea."

Hataelewa. Alilalamika maisha yake yote kwamba nikitoka sisemi naenda wapi. Sasa nikalale peke yangu na mawe, huku yeye akiningoja Cheyo?

Kesho asubuhi nitamwambia Maganga, pumzi ikiniruhusu. Ataniuliza kwa nini.

Nilikuwa na mizinga ya nyuki pale, nikaogopa mitambo itawafukuza. Nyuki wenyewe walihama kabla kamati haijapiga kura, na mimi nikanyamaza.