Ramani ya Mahari

Deo mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Kaniha hatujambo, na shangazi yako amejifungua salama.

Lakini wewe! Uache chuo uje kuchimba dhahabu kwa ramani ya Kijerumani ya marehemu babu yako? Alikuja nayo kuniposa, tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. L na r zilimshinda maisha yake yote. Alitaka kusema anajua mahali penye dhahabu, akatamka, "Mzee, mahari ya dhahabu ninayo!" Baba yangu akafurahi, akakataa ng'ombe aliowaleta, akadai dhahabu. Jamani! Babu yako akachimba viangazi viwili kwenye alama za ramani, akapata malengelenge. Nami nikasubiri, mpaka baba akakubali ng'ombe walewale.

Ramani hiyo haitakuchelewesha na wewe. Leo asubuhi nimewashia nayo moto wa maharage.

Yameiva vizuri.

Bibi yako