Mlango wa Uwani, Dijon

Jumanne, 11 Novemba 2025

Nimekula kwa dada Rahila, Khuwair ya Kusini, hapa Maskati. Wali wa papa. Binti yake Khulood kapiga vidio kutoka Dijon, Ufaransa, kule anakosoma. Kaitembeza simu mtaani kwake tuone. Nyumba za mbao na udongo, za miaka mia sita huko, zimeinamiana juu mpaka mbingu imebaki ufito. N'kawaambia mtaa huo mie naujua kuliko walioujenga! Nilipomsindikiza marehemu tajiri wangu kwa matibabu, napita hapo kila asubuhi, waoka mikate wananiita kwa jina. Mie ndiye niliyemwambia Khulood apange hapo, asiende kwenye maghorofa ya wanafunzi. Meya mwenyewe alinitaka nibaki.

Shemegi Badr, mume wa Rahila, ati: "Shemegi, mwaka jana ulitwambia alikupa mkono tu. Leo ushakuwa mtu wake."

Wakacheka. Mwache. Yeye hajavuka Dubai.

Jumatano, 12 Novemba

Moto. Mtaa ule ule.

Badr kanipigia niko gereji, Wadi Kabir. Kasema njoo, akakata. Umeanza alfajiri, duka la chini. Khulood simu haipokei. Kwenye televisheni yao mapaa yamelala njiani, na gari kubwa la zimamoto limekwama mwanzo wa mtaa — njia nyembamba, kama kwetu Malindi, Unguja.

Rahila kakaa chini, haangalii televisheni. Ananiangalia mie. "Kaka, wewe nyumba ile unaijua. Mtu anatokea wapi?"

N'kamwambia: nyuma. Nyumba ya kale haikosi mlango wa uwani. Wageni wanaume wakikaa barazani, wanawake wapite wapi? Ya bibi yetu ilikuwa nao, ya jirani nayo. N'kamchorea — ukumbi, ngazi, uwani, mlango, kichochoro. Hapo ndo kashusha pumzi, kanywa chai.

Ndani sikuwahi kuingia. Nilipita nje. Lakini nyumba ni nyumba.

Alhamisi, 13 Novemba

Maryanne kapatikana, msichana wa Kikenya anayekaa na Khulood. Yuko hospitali. Kapiga mwenyewe, anakohoa, Kiswahili cha Nairobi. Rahila kaweka spika, sote twasikia.

"Mama, tulishuka wote mpaka chini. Mlango wa mbele ulikuwa na moshi, lakini ulikuwa unafunguka. Nikamshika mkono. Akasema twende nyuma, kuna mlango, mjomba wake alimwambia. Mimi huko sijawahi kuenda, ni mastoo tu. Akaniachilia mkono."

Kweli nilimwambia. Siku anasafiri, uwanja wa ndege. Likitokea lolote, mwanangu, usitoke mbele kwenye macho ya watu, pita uwani. Bibi alikuwa akituambia hivyo hivyo.

Rahila: "Alhamdulillah. Basi katokea nyuma. Yuko mahali, hana simu tu."

Badr kainuka. Kenda kusimama kwenye roshani. Mie n'kazidi kueleza, kichochoro kinatokea karibu na kanisa, pana kisima. Kisima sijui nimekitoa wapi. Ulimi ulikwenda wenyewe.

Ijumaa, 14 Novemba

Badr kenda msikitini peke yake. Siku zote tunakwenda gari moja.

Baada ya sala kapiga mtu wa ubalozini. Mpole, anasema polepole. Ukuta uliobaki umeinama, wazimamoto hawawezi kuchimba kila pahala. Mwenye nyumba hajapatikana, ramani hamna. Wanataka neno la mtu anayeijua. Kama nyuma pana mlango, basi Khulood alitoka, na watachimba nje, kichochoroni, ulikoangukia ukuta wa jirani. Kama hapana, watachimba ndani, kwenye mastoo. Wataanza pahala pamoja tu. Na wakianza pahala sipo, huenda pale pa pili pakaanguka.

Rahila: "Anayeijua huyu hapa." Kanipa simu.

"Bwana Yaqdhan, mlango huo ulipita wewe mwenyewe?"

Rahila kanishika mkono wa kanzu. Badr kasimama mlangoni, kofia mkononi. Hakucheka leo. Naye ananingoja mie. Miaka yote hii hajapata kuniamini neno.

N'kasema ngoja kidogo, nikumbuke.

Nimeingia chumbani kwa Khulood, nimefunga. Daftari ninalo, nnaandika ili nione sawa. Simu iko kitandani, yule bwana hajakata, nnasikia wanaongea Kifaransa nyuma yake. Mtaa nauona. Mbao, mawe, harufu ya mkate. Mbele nauona wote. Nyuma sioni kitu. Naona uwani kwa bibi, Malindi.

Nikisema upo, Rahila atakunywa chai tena. Nikisema sikupita, watachimba mastoo, nilikompeleka mie.

Anagonga. "Kaka, wanakungoja. Sema tu, kama ulivyotwambia sisi."

Badr naye kasogea, namsikia. Kamwambia mkewe, "Muache. Muache afikiri." Halafu kaniambia mie, kupitia mlango, taratibu: "Yaqdhan. Ulipita?"