Siku Uliponiita Loishiye

Pakiteng,

Nilikaa na hasira, kisha aibu, sasa naandika. Tangu uniletee yule ng'ombe mwekundu hapa Nainokanoka, hatukuitana tena majina. Pakiteng wewe, Pakiteng mimi, watu waliopeana ng'ombe. Hata watoto wetu walizoea hivyo.

Ulipotoka hospitali kupasuliwa utumbo uliojisokota, tulikutana mnadani. Ulikuwa umekonda. Nikakunyooshea mkono, ukanitazama, ukasema, "Habari yako, Loishiye." Mbele ya rika letu lote! Mtu akacheka. Nikasema moyoni, basi, huyu amenikana. Nilijua mwanao anaendesha magari ya watalii Karatu, nikadhani umeanza kujiona. Nikageuka nikaenda zangu. Miezi minne sikukanyaga kwako, na boma lako naliona nikiwa mlangoni kwangu.

Kumbe maskini hukujua hata umenikosea. Mkeo, Mama Nashipai, amenieleza juzi, baada ya kukuzika. Kidonda kilioza ndani baada ya upasuaji, sumu ikaenea kwenye damu, ukalala hospitalini siku nyingi bila fahamu, kabla ya siku ile ya mnada. Daktari alimwambia mwili unaweza kupona, akili ikabaki nyuma. Ndivyo ilivyokuwa. Wewe uliyekuwa ukitupa jicho tu zizini na kujua nani hajarudi, ulisimama kati ya ng'ombe wako ukauliza ni wa nani. Ulianza habari ukaiacha njiani. Jina langu la tangu tukichunga ndama ulilikumbuka. Ya ukubwani ndiyo yaliyofutika, na ng'ombe mwekundu akiwemo.

Mimi, mzee mzima, nikanuna kama mtoto aliyenyimwa maziwa.

Halafu akaniambia jambo lililonikata maini. Kila asubuhi ulikaa mlangoni pa boma ukiuliza, "Yule mtu wangu mbona haji?" Akikuuliza mtu gani, unanyoosha mkono upande wa kwangu. Mara mbili alinitumia salamu nije. Mara mbili nilijibu ng'ombe wanaumwa. Hakuna aliyekuwa anaumwa, Pakiteng, ila wewe.

Nakukosa. Nisamehe, kama huko mnasameheana.

Pumzika sasa. Jumapili rika letu linakutana, nami nitasimama niwaambie: yule hakunikana, alikuwa mgonjwa. Aliyemkana mwenzake ni mimi.