Ada ya Vifaa Ambayo Haikuwepo

Mama Mirriam, asalaam aleikum. Nakuandikia kwa haraka kwa sababu siku zimebaki tatu. Mimi ni Nurto, nasomea uuguzi mwaka wa pili hapa Garissa, na anayenilipia kila kitu ni abti yangu Kulow, kaka wa mama, mfugaji wa Hadado, ambaye kila mwezi hunitumia elfu nne za matumizi na hajawahi kuchelewa hata wakati wa ukame. Muhula huu nilianza kula hotelini na wenzangu, leo analipa huyu kesho mimi, nikaona aibu kusema sina, nikachukua na simu ya kulipa kidogo kidogo, hadi nikakosa hata pesa ya sabuni, ndipo nikamwambia abti chuo kinadai elfu tisa za vifaa vya mazoezi, naye hakuuliza swali, aliuza mbuzi wawili akatuma siku hiyo hiyo. Zimeisha. Sasa anakuja Alhamisi, amesema atamwona mkuu wa chuo amwombe apunguze hiyo ada, kwani mwakani anataka kumleta na mdogo wangu Idil, na Maggie tunayeishi naye chumba kimoja anasema yuko mtu mjini wa kutengeneza risiti yenye muhuri. Nikikubali naogopa, nikikataa naogopa zaidi, chakula hakipiti, na nikifikiria Idil akibaki nyumbani kwa sababu yangu najilaumu. Nifanye nini?

Nurto, Garissa

Waleikum salaam, Nurto. Pole, ingawa hukuonewa. Uliwaonea aibu watu wa sahani ya pilau, hukumwonea aibu aliyeuza mbuzi. Unalijua hilo, ndiyo maana huli.

Risiti isahau. Leo una uongo kati yako na mjomba. Ukiingia ofisini na karatasi hiyo, utafukuzwa chuo, na Maggie atabaki darasani.

Simu irudishe dukani, hata kama utapoteza ulicholipa. Mwezi ujao mwombe abti akutumie elfu moja kila Ijumaa, upike chumbani. Wenzako wakikuita hotelini, waambie huna. Wa kukucheka atacheka siku mbili.

Lakini kwanza mpigie abti leo, kabla hajapanda gari. Usianze na machozi, wala usiwataje wenzako. Sema: "Abti, hakuna ada ya vifaa. Nilikudanganya, pesa nilikula. Kosa ni langu, Idil hahusiki."

Atakasirika. Usikate simu.

Mama Mirriam