Safari ya Japani Bila Wewe

Baba yangu,

Nimerudi kutoka Japani tangu Jumamosi, na hapa nyumbani Bawshar sina wa kumsimulia kama ninavyotaka kusimulia. Mama kanisikiliza kidogo, akaniuliza kama nilipata chakula cha halali, akaenda kusali. Kwa hivyo nnakuandikia wewe.

Nnakumbuka tulivyoipanga. Kila Ijumaa baada ya chakula ukiitandaza ramani juu ya meza, vidole vyako bado vina weusi wa grisi ya gereji ya Darsait, ule usiotoka kwa sabuni yoyote. Umri wako wote ulitengeneza magari ya Kijapani, na nchi yanakotoka hujapata kuiona. Hata herufi zao ulijifundisha mwenyewe, kwenye maboksi ya vipuri. Ulitaka Nagoya, kwenye makumbusho ya magari. Ulitaka Yokohama, Jumapili asubuhi, kwenye yale maegesho chini ya barabara za juu, ambako watu huja na magari yao ya zamani, wakafungua boneti na kuzungumza tu. Mimi nilitaka mahekalu ya Kyoto na Mlima Fuji.

"Kyoto siku mbili, zako," ukasema. "Lakini mie ntakaa nje, nitazame teksi zao."

Mwaka ule nikapandishwa cheo kazini, nikakwambia tungoje. Mwaka wa pili nikajifungua, nikakwambia tungoje tena. "Hapana neno," ukasema, "Japani haikimbii."

Kisha macho yako. Daktari akasema ni presha ya macho, imekaa muda mrefu bila kujulikana. La kushoto likazima. La kulia likabakisha mwanga na vivuli tu. Ukaifunga gereji, ukawa unakaa mlangoni, na gari ikipita unaitaja aina yake na maradhi yake kwa kuisikia tu. "Huyu mkanda wake umelegea," ukisema, na mara nyingi ilikuwa kweli.

Asubuhi moja nnakutilia dawa ya macho, ukanambia, "Salma, twende hivi hivi. Ntasikia."

Nikakujibu, "Utaona nini, Baba?"

Nilikuwa na haraka ya kazi, kichwani nnafikiria viwanja vya ndege, ngazi, na wewe kwenye umati wa watu usiowajua. Lakini neno lilitoka vile lilivyotoka. Ukasema, "Haya," ukalifuta tone la dawa lililoteremka shavuni. Hukuitaja Japani tena mpaka ulipofariki.

Mama alipotoka eda ndipo aliponambia kwamba wiki ile ile uliyonambia twende hivi hivi, ulimwomba ndugu yako, Ami Khalfan, akupeleke ukafanye paspoti mpya. Ulikuwa unangoja niseme mimi. Nimeishika mkononi, haina hata muhuri mmoja. Kwenye picha umeinua kidevu, unatazama pembeni kidogo ya kamera.

Nikaenda peke yangu, kwa mpango wako. Jumapili ile Yokohama kulikuwa na manyunyu, na magari hayakuwa mengi. Mzee mmoja alikuja na gari ya saluni ya zamani. Akaona nnavyoikodolea macho, akaifungua boneti na kuiwasha. Nikajisikia nnasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: nyeupe, Baba. Taa za mviringo. Chini ya mlango pana kutu, kapapaka rangi mwenyewe kwa brashi. Injini inang'ara kama sahani ya wageni. Mwenye gari kavaa kofia ya sufu, anatabasamu, jino moja la mbele hana.

Nikaenda hivyo gari baada ya gari, nnazungumza na wewe, karibu saa nzima. Hakuna aliyenishangaa. Sikuchoka, wala sikukosa la kusema.

Hilo ndilo linaloniuma. Nilidhani kukupeleka kungekuwa mzigo nisioweza kuubeba. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ni hiyo tu, Baba: kukushika mkono na kukwambia ninachokiona.

Nisamehe kwa neno la asubuhi ile. Nnakuombea kila ninaposujudu.

Binti yako,
Salma